Kabla Hamjagawana Hisa: Namna ya Kumpata Mwanzilishi Mwenza na Kufanya Naye Kazi

"Kaka, hayo tutayaongea mbele ya safari." Hivyo ndivyo mwenzangu wa kwanza alivyonijibu siku nilipotaka tuandike nani ana hisa ngapi. Nikacheka, tukarudi kwenye kazi. Miezi 14 baadaye tulikuwa tumekaa na rafiki yetu wa pamoja katikati, akitusuluhisha juu ya jambo lile lile, ila sasa kampuni ilikuwa na wateja wanaolipa na kila asilimia moja iliuma kama jino. Jambo ambalo mwanzoni lingetuchukua nusu saa lilituchukua wiki sita.

Tangu hapo nimeanzisha kampuni nyingine na mtu mwingine, na marafiki kadhaa wamenijia wakiuliza watampata wapi mtu mzuri. Watu wazuri wapo. Kinachowashinda wengi ni kukaa nao chini na kuyasema yanayotia haya mapema, wakati kampuni bado haina thamani na hakuna anayepoteza kitu kwa kusema ukweli. Hatua zifuatazo karibu zote zinazunguka hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unamhitaji

Jeff Bezos alianzisha Amazon mwaka 1994 bila mwanzilishi mwenza, na Pierre Omidyar alifanya hivyo hivyo na eBay mwaka 1995. Kwa hiyo kuanza peke yako si mkosi. Jiulize hivi: kazi ninayomtafutia mtu ikishafanyika mara moja, nitamhitaji tena? Kama unachotaka ni mtu wa kukutengenezea tovuti, mlipe fundi akutengenezee, mpeane mikono, yaishe. Hisa ndiyo malipo ghali kuliko yote unayoweza kumpa mtu, ingawa siku unapozitoa zinaonekana kama za bure.

Mimi nilimhitaji mtu, na sikuona haya kukiri. Mteja mkubwa anapovunja mkataba usiku wa Ijumaa, kuna tofauti kubwa kati ya kumweleza mtu aliyeajiriwa na kumweleza mtu ambaye naye hatalala. Wawili wanatosha, watatu wanavumilika. Wakizidi hapo, kumbuka waliosema nahodha wengi chombo huenda mrama.

Hatua ya 2: Andika pengo, usiandike sifa

Watu huanza kwa kuorodhesha sifa: mchapakazi, mwaminifu, mwenye maono. Orodha hiyo inamfaa yeyote na haimchagui yeyote. Chukua karatasi, andika kazi zote ambazo lazima zifanyike katika miezi 12 ijayo ili kampuni iwe hai: kutengeneza bidhaa, kuwapigia wateja simu, kutafuta mtaji, mahesabu, kushughulikia malalamiko. Weka jina lako kwenye zile unazozifanya vizuri na kuzipenda. Zinazobaki tupu ndizo zinazokwambia unamtafuta nani.

Brian Chesky na Joe Gebbia, waliosoma pamoja chuo cha sanaa na usanifu, walikuwa na wazo la Airbnb lakini wote wawili walikuwa wabunifu. Aliyeziba pengo ni Nathan Blecharczyk, mhandisi wa programu ambaye Gebbia aliwahi kuishi naye nyumba moja. Wabunifu watatu wasingefika mbali.

Hatua ya 3: Anza na watu uliokwisha kufanya nao kazi

Nasema kufanya nao kazi, sisemi kuwajua. Rafiki yako unajua anavyocheka na anavyopenda kukaa; hujui anavyopokea lawama kutoka kwa mteja aliyekasirika. Pitia waliokuwa nawe kwenye kazi za zamani, kwenye miradi ya chuo, hata wale mliowahi kubishana nao vikali na bado mkamaliza kazi. Hao wa mwisho ni dhahabu.

Ukikosa, kuna majukwaa ya kuwakutanisha waanzilishi. Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa, kwa mfano, ilifungua la kwake mwaka 2021. Yatumie kupata majina, lakini usisaini kitu kabla ya hatua inayofuata.

Kuhusu ndugu, mume au mke: inawezekana, na wako waliofanikiwa. Ila kila ninachosema hapa juu ya kuandikiana kizidishe mara mbili, maana mkigombana ofisini hakuna pa kwenda kupumzika.

Hatua ya 4: Fanyeni kazi ya majaribio

Wiki tatu hadi sita zinatosha. Kazi iwe ya kweli, iwe na mtu wa nje anayeisubiri, na iwe na tarehe. Msifanye mpango wa biashara. Mpango wa biashara hauonyeshi tabia ya mtu.

Nilipokuwa natafuta mwenza wa pili nilijaribu na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza alikuwa na kipaji kuliko mimi. Tulimwahidi mteja ukurasa wa malipo ifikapo Alhamisi. Jumatatu jioni nikamuuliza, akajibu "nimekaribia kumaliza." Jumanne, "nimekaribia." Jumatano, "bado kidogo tu, usijali." Alhamisi saa tano asubuhi mteja ndiye aliyenipigia kuniambia ukurasa haufunguki. Kuchelewa si tatizo, kila mtu huchelewa. Tatizo ni kwamba nilikuwa wa mwisho kujua.

Wa pili alikuwa dada mmoja tuliyewahi kuwa naye kwenye mradi mfupi. Kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Siku mbili kabla ya tarehe alinipigia mchana: "Sitamaliza keshokutwa. Nimekwama kwenye hesabu za kodi. Tukitoa risiti za makundi, yanayobaki yatakuwa tayari. Nimwambie mteja mimi, au utamwambia wewe?" Nilijua palepale.

Kwa hiyo wakati wa majaribio usipime kasi. Angalia habari mbaya inakufikia lini na kwa mdomo wa nani. Angalia pia mkishindana juu ya jambo dogo, rangi ya kitufe kwa mfano, nani anakubali na kuliacha, na nani analirudia kesho yake. Na jiangalie mwenyewe. Mimi niligundua kuwa nina tabia ya kurekebisha kazi ya mwenzangu usiku bila kumwambia. Aliniambia mara moja tu, kwa upole, na ilitosha kunifedhehesha.

Hatua ya 5: Jibuni maswali magumu, kila mtu na karatasi yake

Msiyajadili kwanza. Kila mmoja aandike majibu peke yake, kisha mbadilishane karatasi. Mkiyazungumza kabla ya kuandika, mmoja atamfuata mwenzake kwa adabu na hamtajua.

Maswali yangu ni haya:

- Unaweza kukaa miezi mingapi bila mshahara? Andika namba.
- Kazi uliyo nayo sasa utaiacha lini, na nini lazima kitokee kwanza?
- Nani wengine wanategemea kipato chako, na wanajua unachotaka kufanya?
- Una madeni gani?
- Mtu akija mwaka wa pili kutaka kuinunua kampuni kwa pesa itakayobadilisha maisha yako lakini si ya kutisha, utauza?
- Ukiona mimi ndiye kikwazo, utaniambiaje?
- Tukishindwana kabisa, nani abaki na kampuni?

Lile la mwisho ndilo watu hulikimbia. Mwenzangu wa sasa aliandika: "Abaki mwenye wateja wengi wanaompigia simu." Mimi nilikuwa nimeandika jina langu. Tulicheka, halafu tukakaa kimya kidogo, halafu tukaanza kuongea kwelikweli.

Maswali ya pesa na familia msiyaone madogo. Apple ilipoanzishwa tarehe 1 Aprili 1976 ilikuwa na waanzilishi watatu: Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne, aliyekuwa na asilimia 10. Siku 12 baadaye Wayne alijitoa, na kwa hisa zake akapata dola 800. Watu humcheka mpaka leo. Lakini tazama alivyosimama: kampuni ilikuwa ya ubia, ambapo kila mbia anabeba madeni ya wote, Jobs alikuwa amejiingiza kwenye deni ili kutimiza oda ya kwanza, na kati ya watatu hao, Wayne, mtu wa miaka arobaini na ushee, ndiye aliyekuwa na mali ambayo wadai wangeweza kuifuata. Wale vijana wawili hawakuwa na cha kunyang'anywa. Hofu yake ilikuwa na msingi. Hatari moja ilikuwa na uzito tofauti kwa kila mmoja wao, na hilo ndilo karatasi zenu zinapaswa kulifichua kabla ya siku ya 12.

Hatua ya 6: Gawaneni hisa, na mziache zikomae polepole

Wengi hugawana nusu kwa nusu ili kuepuka mazungumzo. Nusu kwa nusu si vibaya. Kugawana ili kuepuka mazungumzo ndiko kubaya. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft na Bill Gates mwaka 1975, alieleza miaka mingi baadaye kwamba alitarajia wagawane sawa. Gates akataka asilimia 60 kwa 40 kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya programu yao ya kwanza, kisha baadaye ikawa 64 kwa 36. Allen alikubali, akatajirika kupindukia, na bado jambo hilo alikuwa nalo moyoni. Ndiyo maana namwambia kila mtu: kabla ya kutaja namba yako, muulize mwenzako ana namba gani kichwani.

Maoni yangu ni kwamba mgawanyo ukaribiane na usawa, kwa sababu kazi karibu yote iko mbele. Anayedai asilimia 90 kwa kuwa "wazo ni langu" hajaelewa kazi inayokuja. Wazo lenyewe litabadilika mara tatu kabla ya mteja wa kumi. Vinavyostahili kuongeza uzito ni pesa taslimu mtu aliyoweka, bidhaa aliyokwisha kuitengeneza, wateja aliokuja nao, na kama ameacha kazi yake au bado ana mguu mmoja nje.

Sasa, namba yoyote mtakayokubaliana, msipeane zote siku ya kwanza. Utaratibu uliozoeleka ni hisa kukomaa kwa miaka minne, yaani mtu anazipata kidogo kidogo kadiri anavyobaki kazini, mwaka wa kwanza ukiwa wa kungoja. Tuseme kampuni ina hisa 1,000,000, zako 600,000, za mwenzako 400,000. Mwenzako akiondoka mwezi wa 11, haondoki na hata moja. Akitimiza miezi 12, anapata 100,000 kwa mkupuo, na kuanzia hapo zinaongezeka kama 8,333 kila mwezi. Akiondoka baada ya miezi 18, anabaki na 150,000, na zile 250,000 zinarudi kwenye kampuni.

Hapa ndipo watu hujichanganya. Utasikia "basi ameondoka na asilimia 15." Hapana. Hisa zilizorudi zikifutwa, na zako zote 600,000 zikiwa bado zinahesabiwa, jumla ni 750,000, na 150,000 katika hizo ni asilimia 20. Fanyeni hesabu hiyo mapema, kwenye karatasi, kwa miezi mitatu au minne tofauti ya kuondoka, na kila mmoja ajiulize kama ataona ni haki akiwa yeye anayeondoka na akiwa yeye anayebaki. Na utaratibu uwabane wote wawili, pamoja na wewe uliyeleta wazo. Nimeona mtu akimpa mwenzake miaka minne huku za kwake zikiwa zimeshakomaa zote. Mwenzake alisaini, lakini tangu siku hiyo alifanya kazi kama mwajiriwa.

Hatua ya 7: Andikieni kila kitu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Anayesema hivyo mara nyingi ndiye asiyependa kusoma mkataba.

Mkataba wa wanahisa utaje mgawanyo, ukomaaji wa hisa, nani ana sauti katika nini, na kinachotokea mtu akiondoka, akiugua kwa muda mrefu au akifariki. Kisha kuwe na karatasi ya kukabidhi kazi: kila programu, mchoro, jina na hati mliyotengeneza kwa ajili ya kampuni ni mali ya kampuni, hata ile mliyoifanya kabla haijasajiliwa. Kama mmoja bado ameajiriwa kwingine, asome upya mkataba wake wa ajira. Baadhi ya waajiri humiliki chochote unachobuni ukiwa kwao.

Msimsahau mtu aliyekuwepo mwanzoni akapotea. Reggie Brown aliwashtaki wenzake wa Snapchat mwaka 2013, akidai wazo la picha zinazofutika lilikuwa lake na kwamba alitolewa kando. Walimalizana mwaka uliofuata, na kampuni ilipojiandaa kuingia soko la hisa mwaka 2017 ikajulikana kuwa malipo yalikuwa dola milioni 157.5. Kama kuna mtu wa namna hiyo kwenye historia yenu, mfuateni sasa, mkubaliane, asaini.

Sheria za kampuni na kodi hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo tafuteni wakili wa mahali mnaposajili, na asiwe binamu wa mmoja wenu.

Hatua ya 8: Gawaneni maamuzi

Kila eneo liwe na mwenye neno la mwisho. Bidhaa ni ya fulani, mauzo ni ya fulani, pesa ni ya fulani. Mwingine atashauri, atabisha, atapiga kelele, lakini akishindwa kushawishi anafuata. Halafu wekeni orodha fupi ya mambo yasiyofanyika bila wote kukubali: kukopa, kuuza hisa, kuajiri mtu wa ngazi ya juu, kubadili biashara yenyewe.

Mkiwa nusu kwa nusu lazima muwe na njia ya kuvunja sare. Wale wa Apple waliifikiria: Jobs na Wozniak walikuwa na asilimia 45 kila mmoja, na ile 10 ya Wayne ilikuwepo ili aamue wakivutana. Ninyi mnaweza kumteua mshauri mnayemheshimu wote, au kukubaliana kwamba mkurugenzi mtendaji ana kura ya ziada. Mambo madogo rusheni sarafu. Bill Hewlett na Dave Packard walirusha sarafu kuamua jina la nani litangulie kwenye kampuni yao, Hewlett-Packard, na hakuna aliyekufa.

Hatua ya 9: Wekeni kikao chenu ninyi wawili

Kikao cha kazi cha kila wiki mnacho tayari. Ninachosema hapa ni kingine: mara moja kwa mwezi, saa moja, bila kompyuta, mnazungumzia namna mnavyofanya kazi pamoja. Sisi tuna maswali matatu. Nini nilifanya mwezi huu kilichokuudhi na hukusema? Nini unakibeba peke yako? Pesa zako za nyumbani zikoje?

Mara ya kwanza wote tulijibu "hakuna" kwa lile la kwanza. Mara ya tatu mwenzangu alisema, akiangalia kikombe chake, kwamba mbele ya wateja nasema "kampuni yangu." Sikuwahi kujisikia nikisema hivyo. Wiki iliyofuata nilijisikia mara nne.

Kanuni moja ndogo: hatugombani kwa ujumbe wa simu. Ukiona unaandika aya ya pili ukiwa na hasira, piga simu.

Hatua ya 10: Mkiachana, achaneni kwa orodha

Kama mmejaribu vikao, mmeleta msuluhishi, na bado kila mmoja anapumua mwenzake akitoka chumbani, basi msingoje chuki ikomae kuliko hisa. Fungueni mkataba, fuateni ulichosema, na mfanye siku hiyo hiyo haya: hesabu ya hisa iliyosainiwa na wote, kubadilisha watia saini benki, nywila zote, anwani ya tovuti na akaunti zote zihamie jina la kampuni, nani anabaki na dhamana ya mikopo, na sentensi mbili mtakazowaambia wateja na wafanyakazi, zile zile kwa midomo yote miwili.

Mimi na mwenzangu wa kwanza hatukuwa na mkataba, tulikuwa na rafiki yetu katikati na maneno. Tulipeana mikono, akaondoka. Tukasahau anwani ya tovuti, iliyosajiliwa kwa barua pepe yake binafsi. Muda wake wa kulipiwa ulipokwisha, tovuti ilizimika Jumatatu asubuhi wateja wakiwa ndani. Nilimpigia nikiwa tayari kwa vita. Alikuwa muungwana. Alilipia ndani ya dakika kumi, akanitumia nywila, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na zile hisa zangu, kaka, mliziandika wapi?"